Nilikaza shokapu za buggy mpaka mwisho, kimya cha baba mkwe kikanidanganya

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo umeme umekatika gereji, nimekaa tu, nikaona niandike hiki kitu. Sina haja ya kuongeza chumvi, yaliyotokea yananitia aibu vya kutosha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Nachingwea. Nilijitengenezea buggy mwenyewe: fremu ya mabomba, injini na ekseli ya nyuma vya toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, siti mbili mbele, nyuma keria ndefu. Watu wa mtaani wakaiita Kitanda. Nisiwafiche, ilikuwa inafanana.

Kichwa kiliniuma kwenye shokapu za nyuma.

Nilianza na za pikipiki. Ukiwa peke yako raha tupu, lakini weka gunia mbili za mbaazi uone, kila shimo chuma kinagonga chuma. Nikazitoa. Nikafunga za toyo lenyewe, springi nene, chini zina pete ya kukazia yenye ngazi tano. Nikakaza zote mbili hadi ngazi ya mwisho.

Hili ndilo kosa letu mafundi wa huku. Mteja haulizi gari linatembeaje, anauliza linabeba gunia ngapi. Na sisi tunakaza springi mpaka mwisho, tunapiga tairi teke, kazi imeisha. Mimi nilikuwa natamba kabisa kwamba Kitanda hakiinami.

Baba mkwe wangu, Mzee Selemani, analima Nambilanje, kule wilaya ya Ruangwa. Msimu wa ufuta nilikwenda kumbebea magunia yake ghalani. Tulipokuwa tunamalizia kupakia, akasema ngoja apande mkorosho mmoja akate tawi kavu.

Alianguka na tawi lake.

Paja la kulia lilivunjika. Halikuhitaji daktari kusema, mguu ulikuwa umegeukia upande wake.

Wa kwanza kumfikia hakuwa mimi. Alikuwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia jirani na shamba. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mbaazi za mzee, na tangu hapo salamu zao zilikuwa za kulazimisha. Siku hiyo hakuuliza kitu. Alikata fito mbili, akaufunga mguu kwa khanga ya mama mkwe.

Mimi nikashusha magunia yote ili gari liwe jepesi tuwahi hospitali ya Ruangwa. Kumbukeni hapo, nitarudi.

Tukatandika viroba vitupu kwenye keria, mzee akalazwa, Masanja akakaa naye kuushika mguu. Mama mkwe akapanda mbele. Akaniambia neno moja tu, "Baba Zuhura, mwenzio ni mtu mzima."

Barabara ile anayeijua anaijua. Makorongo, mizizi, halafu vile vimatuta vidogo vya mfululizo vinavyolegeza meno. Niliogopa, wakuu. Kila tuta nikatega sikio nyuma.

Kimya.

Nikajipa moyo kwamba shokapu zinafanya kazi. Nikaongeza mwendo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu ukwe wa kwetu. Mzee Selemani na mimi tunaheshimiana mpaka inachosha. Miaka yote hiyo hajawahi hata kupiga miayo mbele yangu.

Masanja akapiga fremu kwa kiganja. "Simama."

Nikasimama.

"Ndugu yangu, huyu mzee anaumia sana. Ananyamaza kwa ajili yako."

Nikageuka. Mzee alikuwa ameiuma kofia yake ya kitambaa mdomoni, imelowa. Machozi yanashuka kuelekea masikioni. Aliponiona akaitoa, akasema, "Endesha tu mkwe. Gari zuri."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Na unyayo unaanza kupoa," Masanja akasema. "Mfupa unacheza humo ndani."

Tukibaki pale mguu unaweza kupotea. Tukiendelea vile vile ndio kabisa. Nikachukua bisibisi na nyundo, maana spana ya zile pete niliiacha Nachingwea kwa kujiamini. Nikaanza kugonga pete irudi chini. Kulia ikashuka hadi ngazi ya kwanza. Kushoto imeganda na udongo, haisogei, na huwezi kuacha upande mmoja laini na mwingine mgumu, gari litamrusha mzee ubavuni. Nikachovya stiki ya oil kwenye injini, nikadondoshea matone. Nikagonga. Bisibisi ikateleza ikanichana kiganja. Mama mkwe alikuwa anasoma dua chini chini. Nikagonga tena, ikatii.

Nikapunguza na upepo kwenye tairi za nyuma. Nikalisukuma gari kwa mikono kupima. Bado gumu.

Masanja akanitazama kama mtu anayejizuia kucheka mahali pasipo pa kucheka. "Mkokoteni mtupu unarusha. Ukiwa na mzigo unatulia. Wewe magunia uliyashusha ya nini?"

Fundi mzima, naambiwa na mtu wa mkokoteni wa ng'ombe. Na alikuwa sahihi. Springi za mizigo bila mzigo ni sawa na mti.

Mbele kulikuwa na korongo kavu. Tukajaza mchanga viroba vinne, tukavipanga pande zote za mzee, vikamshika na yeye asiteleze. Nikasukuma tena. Kitanda kikainama, kikarudi polepole.

Safari iliyobaki nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kila baada ya muda nauliza, "Unyayo?" Masanja anajibu, "Bado upo."

Hospitali waliushika unyayo kwanza, wakasema damu inapita. Baadaye akapewa rufaa, akawekewa chuma. Leo anatembea na fimbo. Na Masanja siku hizi anakula futari kwa mzee.

Nilichojifunza: shokapu chagua kwa mzigo utakaobeba siku nyingi, lakini setting ipime kwa mwili wa mtu. Sasa hivi mteja akitaka nimfungie, nalala mimi mwenyewe kwenye keria, mwingine anaendesha. Na ukimbeba mgonjwa usimsikilize yeye, muulize aliyeshika mguu.

Mafundi mliomo humu, karibuni mnikosoe, hasa wenye uzoefu na shokapu za gesi kwenye njia zetu hizi.

Juzi nilimpeleka mzee kliniki na Kitanda hicho hicho. Shimo la kwanza tu nikasikia nyuma, "Aah! Wewe mtoto, utaniua." La pili hivyo hivyo. Alilalamika Nambilanje mpaka Ruangwa, na mimi nilikuwa naendesha huku nafuta machozi.