Vinguo vya Fundi

Fundi wa cherehani ninayekaa naye baraza moja hapa Namuwongo, yeye na vitenge vyake, mimi na mandazi yangu, hawezi kuuacha mdomo wake mtupu. Zamani sigara ilikuwa ikining'inia hapo huku akikata kitambaa. Mimba ilipoanza kuonekana, nesi alimwambia waziwazi kwamba moshi unamnyima mtoto hewa, na kwamba anaweza kuzaliwa mdogo mno au kabla ya siku zake. Tangu hapo midomo yake hubana pini. Wiki za kwanza alikuwa mkali kama pilipili. Mteja akiwasha sigara barazani, fundi humnyooshea mkasi mpaka ashuke akavutie kule relini.

Kazi zikipungua, alishona vinguo vya mtoto kwa mabaki ya vitenge. Huyu hupima watu kwa jicho tu na hakosei, lakini vinguo vile vingembana hata mwanasesere. Alikuwa amempima mtoto kwa hofu.

Jana nilikwenda kumpongeza kwa kujifungua nikamkuta kitandani anahangaika kumvisha bintiye kimoja cha vinguo vile, kitoto kinene kinacholia mpaka mabati yanaitikia. Pini hazikuwepo mdomoni. "Mama Nusura, angalia!" akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, machozi yakimtoka kwa kucheka. "Mukono haiingie!" Sijapata kuona fundi aliyefurahia kukosea kipimo namna ile.