Dakika Kumi za Velma

Job Wanyonyi alikuwa ametimiza miaka minne Doha, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kukosa saa yake ya alfajiri. Wenzake katika kambi ya wafanyakazi ya Umm Salal wakiwa bado wanakoroma, yeye alikuwa ameshakaa kitandani, macho ameyafumba, akisikiliza kwenye simu mafundisho ya kutuliza moyo na kujijenga. Kisha aliandika. Madaftari yalikuwa yamefika tisa, na kila moja lilifunguka kwa ahadi ileile, kwamba atapatana na kaka yake Tom, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu walipogombania shamba kwenye mazishi ya baba yao. Chumbani walimwita Pasta, na jina hilo hakulichukia.

Velma Nekesa alikuwa mlinzi mwenzake katika jengo la ofisi kule West Bay. Kigugumizi kilimshika tangu utotoni. Kazini alionyesha kwa kidole au aliandika kwenye karatasi, na redio ya mawasiliano alimwachia mwenzake, basi wakubwa wao wakamweka kwenye lango la magari, mahali pasipohitaji maneno mengi.

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, basi la kampuni lilipowashusha, Job alipanga foleni ya chapati kwenye kibanda cha karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki. Velma alikuwa mbele yake, dirishani. Majina ya vinywaji yalikuwa yamebandikwa kwenye kioo, na kidole kimoja kingetosha. Hakukiinua. Alifungua kinywa, na neno likagoma. Midomo ikatetemeka, mishipa ya shingo ikamsimama. Gari likapiga honi nyuma yao. Muuzaji, kwa huruma tu, akaanza kumtajia vinywaji, na Velma akamwinulia kiganja ili angoje. Job alihisi jasho likimtoka yeye. Alitaka kwenda kumsemea, lakini akabaki kwenye foleni. Mwishowe neno likatoka zima, karak, na la pili likalifuata, kwamba asiwekewe sukari. Velma alipogeuka na bilauri yake, shati la kazi lilikuwa limemlowa mgongoni kama la mtu aliyeshusha saruji.

Hakwenda kupumzika. Alivuka hadi duka la simu akauliza bei ya chaja, ilhali anayo, kisha kwa fundi cherehani akauliza wanafunga saa ngapi. Ndipo akarudi, akakaa kwenye benchi na kuvuta pumzi.

Job akamfuata na kumwuliza anafanya nini. Velma alimweleza polepole. Kila siku alisema sentensi tatu kwa watu asiowajua, akichagua maneno yanayomtisha zaidi, na kuonyesha kwa kidole ilikuwa mwiko. Haikuzidi dakika kumi, na baada ya hapo hakuwa na nguvu ya kuongeza hata moja. Kabla ya hapo, miaka miwili mizima, alikuwa akisoma kwa sauti chumbani, saa nzima kila siku, mlango umefungwa.

“Na haikusaidia?” Job akauliza.

“Nikiwa peke yangu ki-kigugumizi hakinishiki,” alisema. “Nilikuwa nafanya kile ninachokiweza tayari, kaka.”

Job alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akitoka kisimani kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alinunua chapati hata akiwa hana njaa, ili amwone tu. Zilikuwepo siku neno lilikataa kabisa, na Velma akaondoka bila chai. Kesho yake alikuwa pale dirishani tena.

Mwezi wa Juni lifti ilikwama na watu ndani. Velma, aliyekuwa karibu, aliichukua redio mwenyewe. Alikwama mara mbili, lakini ghorofa aliitaja sawasawa, na mafundi wakafika. Job aliisikia sauti ile kwenye redio yake upande wa pili wa jengo, na nywele zikamsimama.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada ya kanisa, alimpigia Tom. Saa zote zile za alfajiri hazikuwahi kumgharimu namna hiyo.

“Tom, ni mimi. Nilikukosea siku ya mazishi.”

Job alisikia kuku uani kwa Tom. Kisha Tom akauliza kama ni kweli huko joto linaunguza hata jioni. Waliongea dakika nne, na Job akarudi kambini akalala kama mtu aliyepona homa.

Suala la shamba bado halijaisha, ila sasa wanapigiana simu. Saa ya alfajiri Job ameipunguza. Velma naye alihamishiwa mapokezi mwezi wa Septemba, na Job akachukua nafasi yake langoni. Kigugumizi anacho bado, na wageni humngoja amalize. Job akipita hapo husimama kando kumsikiliza akimwelekeza mtu ghorofani, mpaka Velma amgeukie.

“Lango umemwachia nani, kaka?”

Hapo ndipo Job hutabasamu na kurudi juani.