Dereva Alipokwenda Kuposa Peke Yake

Nyumbani kwao walimwita Mchwa, kwa sababu alikulia ndani ya karakana ya baba yake ya useremala, na tangu anatambaa hakuna aliyemkuta mbali na mbao. Alipokuwa mtu mzima akaenda nchi ya watu kutafuta maisha, akapata kazi katika gereji kubwa ya mabasi, kwenye banda la nyuma ambako viti hushonwa upya. Kazi yake ilikuwa kubandua kitambaa kilichochakaa, kutoa sponji iliyokufa, kuweka nyingine na kuvuta ngozi ya bandia juu yake mpaka ikaze kama ngoma. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, lakini mkono wake ulikuwa ukisema kabla ya mdomo, na hakuna aliyemchezea.

Humo ndimo alimokutana na Dereva, mwenyeji wa nchi ile, mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa. Alikuja asubuhi moja amebeba kiti cha basi lake begani kama mtu anayetoka mnadani na mbuzi, akasema kiti hicho kinamuua mgongo. Mchwa akamwambia akikalie. Akamzunguka, akamtazama, kisha akamwambia kwamba kiti hakina kosa, kosa ni lake, anakaa amejikunja kama anayesikiliza maneno ya jirani ukutani. Hata hivyo akakishona upya na kuongeza mto mdogo usawa wa kiuno. Wiki iliyofuata Dereva akarudi kushukuru. Akarudi tena kushukuru. Akashukuru mpaka wenzake Mchwa wakaanza kuulizana kama kuna mgongo unaoweza kupona mara nyingi namna ile.

Mapenzi yao hayakuwa na makelele. Walikunywa chai pamoja, wakatembea, wakazoeana. Siku za mapumziko Dereva alimpeleka kula kwa mama yake, na hapo ndipo penye kazi. Lugha ya gereji Mchwa alikuwa ameimudu, lakini lugha ya mezani ni nyingine. Utani ulipita juu ya kichwa chake kama mpira, na yeye alicheka wakati wenzake wamekwisha nyamaza, jambo ambalo liliwafanya wacheke upya. Mama yake Dereva hakuwa mbaya. Ila alikuwa na tabia ya kumwuliza mwanawe, “Anakula?” huku Mchwa amekaa pale pale na kijiko mkononi, kana kwamba ni paka wa mgeni. Mchwa alivumilia. Alijisemea kwamba mgeni ni kama kiatu kipya, lazima kibane kwanza.

Siku Dereva alipomtamkia ndoa, walikuwa wamekaa wawili ndani ya basi tupu, limeegeshwa uani baada ya zamu. Mchwa alimjibu bila kuzunguka kwamba yeye kwa upande wake amekubali. Kisha akasema, “Lakini mimi si wa kuokotwa njiani. Nina baba.”

Akampigia baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema, “Simkatai. Simjui. Mtu nisiyemjua nitamkataaje, na nitamkubalije? Mlete nimwone.”

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kibali cha Mchwa cha kuishi nchini kilikuwa kinashughulikiwa upya, na aliyesafiri kabla hakijatoka alikuwa katika hatari ya kufungiwa mlango nje. Alimweleza baba yake hayo yote. Baba yake akauliza, “Na huyo kijana, yeye hana miguu?”

Dereva aliposikia kwamba anatakiwa aende peke yake, masikio yake yalibadilika rangi. Alikuwa hajapata kutoka nje ya nchi yake. Akauliza atazungumza nao nini.

“Hutazungumza,” Mchwa alimwambia. “Utakaa. Mimi nimekaa mezani kwenu nikachekwa, na sikufa. Nenda na wewe ukachekwe.”

Akamfundisha neno moja tu, shikamoo, akamwambia kila atakayemwona ana mvi amwamkie hivyo, na mengine atayakuta huko huko. Dereva akachukua likizo yake yote, akapanda ndege.

Sasa kuna jambo ambalo Mchwa hakumwambia, si kwa hila, ila kwa sababu nyumbani kwao lilikuwa halisemwi. Nyuma ya karakana ya baba yake kulikuwa na ukuta mfupi, na ng'ambo ya ukuta aliishi baba mkubwa, kaka yake baba, naye pia seremala. Kati yao palikuwa na kijilango kilichofungwa kwa waya. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani tangu mama yao alipofariki. Kila mmoja alitaka amtengenezee mama jeneza kwa mikono yake. Mkubwa alikwenda mbali kutafuta mbao nzuri, akachelewa. Mdogo akaona siku inakwisha, akalimaliza lake. Mkubwa alipofika amebeba la kwake, mama alikuwa amekwisha zikwa. Hakugomba, hakutukana. Aligeuka, akaenda kwake, akafunga ule waya. Watoto wa pande zote mbili walikua wakijua kwamba kijilango hicho hakiguswi.

Dereva hakujua. Asubuhi yake ya kwanza alitoka uani akinyoosha mgongo, akaona juu ya ukuta kichwa chenye mvi. Akakiamkia. Kichwa kikapigwa na butwaa, kisha kikajibu, “Marahaba.” Dereva akafurahi kuona kwamba neno lake linafanya kazi, akasogea, akautazama ule waya kama mtu anayetazama kifungo kilicholegea, akaufungua, akapita. Alirudi baadaye akinukia chai.

Habari hizi Mchwa alizipata kwa mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa na simu haimtoki mkononi. Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Dereva alipewa msumeno, akakata ubao upande usiotakiwa. Alipewa gundi, akajigandisha vidole. Baba alikuwa anamtazama tu jinsi mtu anavyotazama mvua isiyoamua kunyesha. Lakini hili la kijilango mdogo mtu alilisema kwa sauti ya chini. Dereva alikuwa anakwenda kwa baba mkubwa kila asubuhi, na Baba amekwisha kujua.

“Amesema nini?” Mchwa aliuliza.

“Hajasema. Ndiyo maana naogopa. Dada, mwambie huyu mtu wako aache. Ataharibu posa yake kwa mikono yake mwenyewe.”

Mchwa alikata simu akabaki ameshika mkasi. Ujumbe mmoja tu ungetosha. Angemwambia usipite pale, na Dereva asingepita tena, kwa kuwa ni msikivu. Alilifikiria jambo hilo huku akivuta ngozi juu ya kiti, akagonga pini, akang'oa, akagonga tena. Aliwaza kwamba watu wote wanaoijua habari ile wameuheshimu ule waya, na kwa heshima yao waya umepata kutu. Akampigia mdogo wake.

“Mwache,” alisema.

“Na Baba akimfukuza?”

“Akifukuzwa, nimefukuzwa na mimi. Mwache.”

Siku hizo mama yake Dereva naye alikuwa hakai wala halali. Mwanawe alikuwa hajui kueleza mambo kwa simu. Ukimwuliza hali, atakwambia nzuri hata akiwa ndani ya kisima. Kwa hiyo mama akaanza kuja gerejini saa ya chakula cha mchana kutafuta habari kwa Mchwa. Mwanzoni alisimama mlangoni. Baadaye alikaa kwenye kiti kilichokuwa kinasubiri kushonwa. Baadaye akaanza kuja na bakuli la chakula. Siku moja, bila kuangalia upande wa Mchwa, akasema kwamba kumbe inatisha mtu kuwa kwa watu ambao hujui wanasema nini. Mchwa akamjibu kwamba ndiyo, inatisha. Tangu hapo walikaa karibu zaidi.

Walikuwa wamekaa hivyo simu ilipoita. Mdogo wake alitaka kuwaonyesha Dereva akifanya kazi. Baba alikuwa na kabati kubwa la nguo la mteja, na mafundi wake wawili walikuwa wamekwenda kufunga milango mahali pengine, kwa hiyo waliokuwa wakilitoa nje ni yeye na mkwe mtarajiwa. Kwenye kioo cha simu wakawaona. Baba alikuwa mbele, amelikumbatia kabati kifuani, na Dereva nyuma. Baba anasema kulia, Dereva anakwenda kushoto. Baba anasema shusha, Dereva anainua. Walipofika mlangoni kabati likakwama. Upande wa Dereva ulikaa juu ya kizingiti, lakini upande wa Baba ulibaki hewani, na kama angeuachia, miguu ya mbele ingevunjika vipande.

Dereva akatazama huku na huku. Akasema neno kwa lugha yake, lenye maana ya subiri kidogo, akaachia, akakimbia kuelekea nyuma ya karakana. Simu ikatikisika, maana mdogo mtu naye alimfuata hatua mbili tatu, kisha akasimama. Dereva alikuwa anarudi kupitia kijilango, amemshika baba mkubwa kwa mkono wa shati, anamvuta. Mzee wa watu alikuwa bado anatafuna.

Baba mkubwa akamwona mdogo wake amebanwa mlangoni na kabati kifuani, jasho linamtiririka. Akasimama. Baba naye akamwona. Dereva peke yake ndiye aliyekuwa akionyesha kwa vidole, shika hapa, shika hapa, kama mtu anayepanga abiria.

Baba mkubwa akameza alichokuwa anatafuna, akainama, akaingiza mikono chini ya pembe ya kabati.

“Kushoto,” alisema.

Baba akauliza, “Kushoto kwako au kwangu?”

“Kwangu. Mimi ndiye mkubwa.”

Wakaenda kushoto. Wakainua, wakainamisha, wakalipitisha lile kabati mlangoni bila kuligusisha fremu, kama watu waliolipitisha jana na juzi.

Ndani ya banda la gereji, mama yake Dereva aliinama juu ya simu. “Wanasema nini?” aliuliza.

“Wanasema kushoto,” Mchwa alijibu.

“Sasa ndiyo unalilia kushoto?”

Mchwa akamsimulia yote, toka jeneza la kwanza hadi la pili, kwa lugha iliyovunjika vunjika na pua inayotiririka. Mama akasikiliza. Alipomaliza, mama akamsogezea lile bakuli. “Kula, binti yangu,” alisema. Kwa mara ya kwanza hakupitia kwa mwanawe.

Kule nyumbani kabati lilikuwa limetua uani. Baba mkubwa akalizunguka, akalifungua mlango, akaufunga, akasema bawaba ya chini imewekwa juu mno. Baba akamwambia bawaba iko pake, ila yeye ndiye aliyewekwa chini mno. Baba mkubwa, ambaye kweli ni mfupi, akaanza kucheka. Alicheka akashika kabati. Baba naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani, akaketi juu ya rundo la mbao.

“Ningekungoja,” alisema. “Siku ile. Ningekungoja.”

Baba mkubwa akaketi kando yake. “Na mimi ningeziacha zile mbao,” alisema. “Mama angelala popote. Hakuwa mtu wa makuu.”

Jioni hiyo wakampigia Mchwa wenyewe, wamekaa bega kwa bega, na Dereva katikati yao nyuma, anang'aa masikio. Mchwa alikuwa bado gerejini, na mama mkwe hakuwa ameondoka. Baba akaanza kwa kusema kwamba yeye hana jibu la kutoa. Kisha mzee akaendelea, “Mkubwa wa nyumba hii yupo. Aulizwe yeye.”

Baba mkubwa akasafisha koo. Alisema kwamba anashangaa wanaulizwa nini, kwa sababu huyu kijana ameshaingia kwao siku nyingi, na kwa mlango ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuupita. “Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema. “Sisi tumepona. Tumekubali, na tumefurahi. Mwulizeni na yeye, kama baada ya kutuona bado anataka.”

Mdogo mtu akamwelezea Dereva kwa mikono na vidole kwamba jibu ni ndiyo. Dereva akasimama wima, akatoa neno alilokuwa nalo. Akamwamkia baba mkubwa shikamoo, akamwamkia Baba, na kwa furaha akamwamkia hata shemeji yake, msichana mdogo kuliko yeye kwa mbali. Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, si kabla wala baada.

Mama yake akaomba aelekezwe pa kuangalia kwenye simu. Akawaambia wazee wale, Mchwa akitafsiri, kwamba anawashukuru kwa kumlea mwanawe, na kwamba yeye huku anaye wa kwao, wasiwe na wasiwasi.

Dereva aliporudi walivishana pete siku ile ile, nyumbani kwa mama, kwenye meza ile ile, na safari hii Mchwa alisimulia yeye habari ya vidole vilivyogandishwa kwa gundi, na waliocheka walicheka kwa wakati wake.

Asubuhi iliyofuata Mchwa akafika kazini mapema kama kawaida. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mabasi yalipoanza kutoka uani, la mbele kabisa lilikuwa la Dereva, naye alipopita mbele ya banda la viti akapiga honi ndefu. La nyuma yake likapiga. Na la nyuma ya hilo. Msimamizi akatoka ofisini mbio akidhani panaungua, akakuta msururu wote unapiga honi, basi kwa basi, na Mchwa amesimama katikati ya mlango na mkasi mkononi, anawapungia kama mtu anayepokea gwaride.