Siku Nilipomwita Baba Mdogo Mwizi kwenye Maiki

Chekeni mkitaka, wenzangu kazini wameshacheka mpaka wamechoka, ila mimi hadi leo nikipita Maili Moja karibu na ule ukumbi damu inanichemka na aibu inanipata upya.

Ilikuwa semina ya programu mpya ya ramani, tumealikwa sisi wapima ardhi wa Kibaha, chai na maandazi kwa gharama ya kampuni inayoiuza, na kijana wao wa mauzo (tai nyekundu, maneno mengi) akaomba mtu mmoja apite mbele ajaribu na kiwanja chake mwenyewe. Nani alinituma kunyoosha mkono? Kwenye simu nilikuwa na picha ya ramani ya upimaji ya kiwanja changu cha Kisarawe, kile ambacho baba mdogo Seif ananiangalizia tangu marehemu baba aniachie, basi nikaona nijionyeshe.

Nikamsomea vipimo, akaviingiza, picha ya satelaiti ikajaa ukutani: nyumba ya bati jekundu, ukuta, geti, na gari uani, vyote kwenye kiwanja changu. Ukumbi ukaguna. Mwenzangu mmoja wa meza ya mbele akasema, "Dada Zuhura, umeshauzwa."

Sasa hasira zangu mnazijua. Sikuuliza, sikufikiri, nikampigia baba mdogo palepale, nikaweka simu spika na kuisogeza kwenye maiki (nilitaka mashahidi, nilitaka wote wamsikie akijikanyaga), na hata shikamoo sikumpa.

"Kiwanja cha baba yangu umemuuzia nani? Mwizi mkubwa wewe."

Sauti yake ikatoka kwenye spika za ukumbi, taratibu kabisa: "Zuhura, mimi niko hapahapa kiwanjani kwako, napalilia mihogo. Nani kakwambia maneno hayo?"

Nikaanza kumfokea kwamba asinifanye mtoto, nyumba nimeiona kwa macho yangu, ndipo yule wa tai nyekundu akanigusa bega, eti samahani dada, amesahau kubadilisha mfumo wa vipimo. Ramani yangu ni ya zamani, vipimo vyake haviendani na vya satelaiti, na usipovibadilisha kwanza alama inaangukia mbali kwa watu wengine (jambo ambalo mimi, mpima ardhi mzima, nawafundisha wanafunzi wanaokuja ofisini kwetu kwa mazoezi, nikalisahau kwa kiherehere changu). Akabonyeza mara moja, alama ikavuka barabara ikatua kwenye mihogo. "Mnaona ilivyo rahisi?" akasema, na wakampigia makofi. Mzee wangu ametukanwa mbele ya ukumbi mzima, wao wanapiga makofi, na simu bado iko hewani, anayasikia. Nilitamani kuing'oa ile projekta niitupe nje, na huyo wa tai aifuate.

Kesho yake nikaenda Kisarawe na sukari na kanzu mpya, nikapiga magoti, nikaeleza habari za mifumo ya vipimo mpaka koo likakauka. Akasema yameisha, akapokea mzigo, akaniambia nisimame nisichafue nguo.

Nimeapa kwamba nikiwa na hasira simu ya mtu haiwekwi spika, na kwenye semina yoyote mkono wangu utabaki mapajani. Kiapo chenyewe kimechelewa. Siku hizi nikimpigia baba mdogo nikasema shikamoo, haitikii kwanza, anauliza, "Uko na nani hapo?"