Mti wa Hasbiye Usiobebeshwa

Kila machipuko Rüstem alipanda kwa Hasbiye, mjane wa kaka yake, akiwa na kisu na vijiti vya cheri tamu, aubebeshe, yaani aupandikizie vijiti hivyo, ule mcheri mwitu uliojiotea mpakani mwa mashamba yao, juu ya mto Çoruh. Kila machipuko aliteremka na vijiti vyake.

Mwaka huu mpimaji wa ardhi alikuwa amesema shina liko upande wa Rüstem.

“Shemeji, safari hii sikuombi,” alisema. “Vitunda kama macho ya panya. Hata kunguru akila anakunja uso. Nitaukata kichwa, niubebeshe.”

“Subiri mti uzae mara moja, halafu uje,” alisema Hasbiye.

Rüstem alikubali, akiamini vipimo vitamuunga mkono, maana Hasbiye alikuwa amekwisha kumwita Şermin, binti wa chuo kikuu aliyekuwa akizunguka vijiji akipima matunda ya mwituni.

Şermin alifika Julai, akanyofoa cheri ya kwanza kwa vidole. Hasbiye akampiga kofi mkononi. Huku cheri chachu hukatwa kwa mkasi, pamoja na kikonyo chake. Ukiinyofoa, inatoka damu yote kabla hujafika nyumbani. Vikonyo navyo hukaushwa kwa chai ya wagonjwa wa figo. Rüstem mwenyewe, vijiwe vilipomkamata, alikuja kuiomba kwa mlango wa nyuma.

Majibu yalisomwa barazani kwa Rüstem, mbele ya majirani. Uzito wa tunda: nusu ya uzito wa cheri za bustanini kwa Rüstem. Rüstem akacheka, akaagiza chai. Uchachu: mkali kupita yote. Akacheka tena. Kisha Şermin akafika kwenye ile rangi nyekundu iliyoiva hadi kuwa nyeusi, na viini vya rangi hiyo ambavyo watu wa afya wanavitafuta: mara tatu ya cheri za Rüstem.

“Lakini sisemi ni dawa, mama,” akaongeza. “Hilo hatujalipima.”

“Sikukuuliza dawa. Nimekuuliza kama mti wangu ni wa kukatwa kichwa.”

“Hapana. Tungependa vijiti vyake, tubebeshe miti mingine.”

Rüstem akakoroga chai isiyo na sukari.

Machipuko yaliyofuata alikuwa bustanini kwake aliposikia lango. Hasbiye aliingia na kisu cha marehemu mumewe, na vijiti vya mti mwitu vimefungwa kwenye kitambaa kibichi.

“Shemeji,” alisema, “nichagulie mti wa kubebesha. Usiponichagulia, nachagua mwenyewe.”

Rüstem aliitazama micheri yake minono, mmoja mmoja. Mwishowe akamwonyesha ule wa pembeni.

Hasbiye akaenda kwenye wa katikati.