Kivuli Alichokiondoa kwa Neno Langu

Jumapili moja binti yangu alikuja kutoka mjini na kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Alikuwa ametengeneza gemu: mtu anatembea msituni kwenye mvua, basi. Kesho yake angeituma kwa watu ambao wangemwajiri ikiwapendeza.

Tulikuwa tumemaliza kuku. Firigisi nilikula mimi, na kwetu aliyekula firigisi ndiye mwenye neno la mwisho.

"Baba, niamulie," akasema. "Mashine hii haiwezi yote. Nikiweka vivuli, mvua na maji yanayong'aa, inachora picha ndogo kisha inaivuta ijae kioo, kwa hiyo majani yanafifia. Nikiviondoa, kila jani linaonekana kama limekatwa kwa wembe."

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho, na kuona kulikuwa kumenilevya.

"Ondoa hayo mengine. Mtu anataka kuona."

Hakubisha. Nilimlea asinibishie, na kosa hilo ni langu. Akabonyeza.

Majani yakawa makali, ningeweza kuyahesabu. Lakini njia ilikuwa kavu, na yule mtu alitembea kama aliyepotea.

"Mbona anasitasita?"

"Alikuwa anafuata kivuli, Baba."

"Cha nani?"

Akaanza kukusanya sahani. "Cha mama, akiteremka kisimani. Hukumwona?"

Sikumwona. Nilikuwa nimeamua kabla ya kutazama, kama nilivyoamua mengi katika nyumba hii, hata siku ya kumpeleka mama yake hospitali, siku niliyoiahirisha mara mbili mpaka tukachelewa.

"Mrudishe," nikasema. Kisha nikajisikia ninavyoamuru, nikaanza upya. "Nakuomba umrudishe. Lakini gemu ni yako, mwanangu. Amua wewe."

"Picha itafifia. Hao watu wanapenda picha kali, wanaweza kunikataa."

"Najua."

Akacheka. "Mzee, leo huyo kuku alikuwa na dawa gani?"

Akabonyeza. Mvua ikarudi, majani yakalegea, na mbele ya yule mtu kikateremka kivuli chembamba, ndoo tupu ikining'inia mkononi.

"Itaenda hivi," akasema. "Wakikataa, wakatae."

Nilikitazama kikiteremka. "Mama yako alitembea haraka zaidi ya hapo."

"Haraka kiasi gani?"

Nikainuka, nikavuka sebule kwa mwendo wa marehemu mke wangu, mkono mmoja ukibembea. Binti yangu akanitazama miguu, akabadilisha namba ya mwendo wa kivuli kwenye kompyuta, akaniambia nirudie.