Magoli Mawili ya Fundi Pungufu

Ukitaka kumwona Fundi Pungufu anatoa povu, mtajie Msumeno. Si ule wa kukatia mbao, huo kautundika ukutani na anaupenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Ni Msumeno klabu ya mpira. "Wahuni watupu," atakwambia, na randa itakwenda kwa hasira mpaka uuhurumie ubao.

Na bado kila mechi ya nyumbani yupo, nyuma ya goli la upande wa barabara, mikono kifuani, akiwaombea wafungwe. Wakifungwa, siku hiyo anakula vizuri.

Klabu yenyewe ilizaliwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Wafanyakazi walichezea palepale penye marundo ya magogo, jezi zimejaa vumbi la mbao, wakapanda daraja hadi daraja mpaka ligi ya mkoa. Hapo wakaanza kujiita wachezaji wa kulipwa, ingawa malipo yenyewe yalikuwa ya kumwomba Mungu: asubuhi mtu anasukuma magogo, jioni anafanya mazoezi, na kifuta jasho kinakuja kikitaka.

Ligi ya mkoa ilidai uwanja wenye magoli ya maana. Fundi, wakati huo kijana mwenye jina zuri tu mtaani, akajitolea kuyatengeneza bure. Alichonga nguzo za mraba za mbao ngumu, akazipiga randa mpaka mkono unateleza. Kupima kulihitaji mtu wa pili, akamwita mdogo wake, kipa wa timu, waliyemwita Komeo. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeshasimama. Komeo akashika ncha ya tepu pale, Fundi akaivuta mpaka futi ishirini na nne, akaweka alama, na upande wa ndani wa nguzo ya kulia ukakaa kwenye alama ile. Goli la pili wakalifanya vivyo hivyo. Walikuwa wanacheka siku hiyo, wamechafuka saruji mpaka kwenye nyusi.

Msumeno ikawa haifungiki nyumbani. Komeo akawa gumzo la mkoa mzima, na timu kubwa ya ligi kuu ikatuma mtu kuja kumtazama. Ikabaki mechi moja tu wapande. Wapinzani wao wa siku hiyo walipiga mashuti mawili, yote yakagonga nguzo, na meneja wao akachoka kuvumilia. Mpira ulipokwisha akaingia uwanjani na tepu yake mwenyewe. Magoli yote mawili yalikuwa membamba kwa upana wa nguzo moja, kiganja cha mtu mzima. Chama cha mpira kikafuta pointi zote za nyumbani. Yule mtu wa timu kubwa hakuonekana tena.

Vioo vya karakana ya Fundi vilivunjwa jioni ileile, na jina la Pungufu likabandikwa. Halijabanduka mpaka leo.

Fundi alijua kosa limetokea wapi. Kwenye karakana ya baba yao, fremu ya mlango ilipimwa nje kwa nje, kwa sababu lazima iingie kwenye tundu la ukuta, na wao wawili walilishwa kipimo hicho tangu hawajafikia urefu wa meza. Goli hupimwa ndani kwa ndani, na Komeo alikuwa ameshika tepu kwenye ukingo wa nje wa nguzo. Kosa la mtoto wa seremala, basi. Lakini mkubwa ni yeye na kazi ilikuwa yake, kwa hiyo akafunga mdomo. Komeo aliposimama mbele ya wanachama na kusema, "Kaka yangu kanivunjia maisha," Fundi aliinamisha kichwa. Nyumbani alipiga magoti mbele ya mama yao, akamwomba mdogo wake msamaha. Komeo akajibu, "Nitafikiria." Mama alifariki, yeye bado anafikiria.

Kumchukia mdogo wake Fundi hakuweza. Chuki yote akaipakia klabu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: Komeo aje siku moja, akae kwenye benchi la karakana, wazungumze kama watoto wa mama mmoja.

Majuzi Msumeno ikaamua kung'oa magoli ya mbao na kuweka ya chuma, kwa sherehe, spika na viti vya plastiki. Fundi akaenda kudai mbao zake. Akamkuta Komeo, sasa kocha mkuu mwenye kitambi, amesimama peke yake kwenye nguzo ya kushoto.

"Mdogo wangu," Fundi alisema. "Siku ile tepu ulishika kwa nje. Sijamwambia mtu. Najua yalikuwa mazoea ya kwa mzee."

Komeo alichekea puani.

"Mazoea gani, kaka? Nilijua ninachofanya. Mipira ya upande wa kushoto ilikuwa inanitesa golini. Nikasema kiganja kimoja tu, nani atapima?"

"Na magoti niliyokupigia mbele ya mama?"

"Sasa ningeanzia wapi kusema?"

Fundi aliona giza. Akaenda moja kwa moja mbele ya viti, akapaza sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu vioo vivunjwe.

"Jamani! Tepu ile alishika huyu! Alipunja makusudi, mniulize mimi!"

Watu wakaangua kicheko. "Pungufu, kapumzike!" akapiga kelele mmoja. Mwingine akasema, "Kakosa wa kumsingizia, sasa anamsingizia ndugu yake." Fundi hakuwajali. Alikuwa anamtazama Komeo.

"Sema," alimwambia. "Neno moja tu."

Komeo akachukua kipaza sauti kwa mwenyekiti. Akakohoa.

"Wana-Msumeno, huyu ni kaka yangu wa tumbo moja. Mzee huyu amechoka, msimcheke. Leo ni siku ya furaha, na mimi, mbele yenu wote, nimemsamehe."

Uwanja mzima ulisimama kupiga makofi. Mama mmoja wa viti vya mbele akafuta machozi. Mwenyekiti akamshika Fundi mkono, akamsogeza kwa mdogo wake, na mpiga picha akawaomba wakumbatiane.